Tulipofika Ngazi ya Waturuki

WAHENGA walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi, baada ya safari niliyoifanya na jamaa zangu hadi kisiwa cha Sisilia huko Italia, naomba ruhusa niongeze neno moja: kutembea na mtoto ni kuulizwa mengi. Maana mtu mzima afikapo mahali pa ajabu hutazama, hushukuru, kisha hunyamaza. Lakini mtoto hanyamazi mpaka aelezwe.

Tulikuwa watu sita tumesimama juu ya mchanga, nyuso zetu zimekabili jabali jeupe pepepe lililoteremka baharini vidato kwa vidato, mfano wa ngazi iliyochongwa na fundi asiyekuwa na haraka. Jua la saa nne za asubuhi lilikuwa limekwisha panda, na weupe ule ulitulazimisha kufinya macho.

"Baba," akaniuliza binti yangu kitinda mimba, umri wake miaka 11, "ngazi hii ni ya nani?"

Nikamgeukia mwenyeji wetu. Akacheka, akajibu: "Ni ya Waturuki."

"Na hao Waturuki ni kina nani?"

Kijana akaitazama kofia yangu, akamtazama mke wangu na buibui lake, kisha akasema kwa mzaha: "Ni sisi."

Mzaha ule, msomaji mpenzi, ndio ulioninyima usingizi usiku ule, na ndio ulionitia kalamu mkononi leo.

ASILI YA SAFARI

Mwenyeji wetu huyo ni mtoto wa ndugu yangu, mzaliwa wa Malindi. Kitaliano hakukisomea darasani. Alikiokota mitaani kama watoto wengi wa mji ule, kwani Wataliano wameupenda Malindi na kujenga humo tangu miaka ya 1960. Alianza kwa kuwabebea wageni mizigo, akaingia jikoni hotelini, na mwisho jiko likamvusha bahari. Leo ni mpishi mjini Palermo, ameoa huko huko, na kila akipiga simu neno lake lilikuwa moja: "Ami, mtakuja lini?"

Mambo ya viza na foleni zake nayaacha, kwani aliyeyapitia hahitaji kuelezwa na asiyeyapitia hatasadiki. Nitataja jambo moja tu. Katika uwanja mmoja wa ndege tuliopita, ofisa aliitazama pasipoti yangu, akaitazama kofia yangu ya vito, akarudi kwenye pasipoti, kisha akarudi tena kwenye kofia, kana kwamba picha na mtu vilikuwa vikigombana. Hakunitusi, wala hakunizuia. Lakini binti yangu aliyaona yale macho, na nilipomshika mkono niliusikia umekaza.

Siku ya tatu baada ya kufika tukaondoka Palermo alfajiri kwa gari la kijana wetu. Tulikuwa mimi, mke wangu, binti yetu, kijana, mkewe, na mavyaa wake, yaani mama wa mkewe: bibi wa makamo ya miaka 70 na ushei, mjane, aliyevaa nguo nyeusi tangu mabegani hadi kwenye vifundo vya miguu. Alipoketi kando ya mke wangu kiti cha nyuma, mweusi kwa mweusi, ungedhani ni mtu na dadaye wanakwenda kuhani matanga.

Njia ya kutoka Palermo hadi Agrigento, kusini mwa kisiwa, ni kama kilomita 130. Hatukwenda mbali tukapita mji uitwao Misilmeri. Kijana akaniuliza kama jina lile linanikumbusha kitu. Nikasema halinikumbushi. Akanieleza kuwa asili yake ni Kiarabu, Manzil al-Amir, makazi ya Amiri. Basi hapo masikio yangu yakafunguka. Kila kibao cha barabarani kikawa kwangu mfano wa ukuta mkuukuu wa Mji wa Kale, ukiubandua chokaa ya juu unakutana na nyingine chini yake.

Kwa hakika Waislamu walianza kuiteka Sisilia mwaka wa 827, wakitokea Tunisia ya leo. Palermo wakaitwaa mwaka wa 831. Walikaa kwa zaidi ya karne mbili mpaka Wanormani walipoutwaa mji wao wa mwisho mwaka wa 1091. Watawala wakaondoka lakini maneno yakabaki. Msisilia akila zabibu za aina moja huziita zibibbo. Sukari huiita zucchero. Zafarani huiita zafferano. Agrigento wenyewe uliitwa Girgenti, kutokana na matamshi ya Waarabu, hata ilipofika mwaka wa 1927 serikali ya Mussolini ikaamuru urudishiwe jina la kale la Kirumi. Majina, msomaji, si mambo madogo. Serikali haiwezi kukesha ikibadili jina lisilokuwa na uzito.

JIWE LILILOANGUKA KAMA VUMBI

Jabali lenyewe liko katika wilaya ya mji mdogo wa Realmonte, mwendo mfupi kupita bandari ya Porto Empedocle. Kwa Kitaliano huitwa Scala dei Turchi, na tafsiri yake ndiyo hiyo: Ngazi ya Waturuki. Barabara hupita juu, na ukisimama pembeni mwake unaliona lote kwa mpigo mmoja: chini bahari ya rangi ya feruzi, kati jabali jeupe lililojipinda na kujikunja kama kitambaa cha kilemba, na huku na huko mchanga wa rangi ya dhahabu. Mbele yako hakuna kisiwa, hakuna mwamba. Ni maji matupu mpaka Afrika.

Tukateremka ufuoni. Mke wangu akakiinua kipande kilichoanguka chenyewe mchangani, akakisugua kwa kidole gumba, kikamwachia unga laini mkononi. "Hili si jiwe," akasema, "hii ni liwa." Na kweli, kijana akatwambia kuwa kwa miaka mingi watalii walikuwa wakijipaka tope lake mwilini kwa kutafuta urembo. Jiwe lile Wataliano huliita marna, nalo ni mchanganyiko wa chokaa na udongo. Ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana mvua na mawimbi yameweza kulichonga vidato.

Wataalamu wa elimu ya miamba wana hadithi yake, nayo inastahili kusimuliwa. Yapata miaka milioni 6 iliyopita, mlango ulioiunganisha Bahari ya Mediterania na bahari kuu upande wa Jabal Tariq ulizibika. Bahari ikakosa maji mapya, jua likainywa, ikapungua mno, na chumvi ikalala chini kwa matabaka mazito. Chumvi hiyo ingali inachimbwa chini ya Realmonte hadi leo, na wachimbaji wamechonga kanisa zima ndani ya ukuta wa chumvi huko huko ardhini. Kisha, miaka milioni 5 na laki 3 hivi iliyopita, mlango ukafunguka na maji yakarudi. Pamoja na maji vikarudi vijidudu vidogo mno vyenye makombe ya chokaa. Vilipokufa vilidondoka hadi sakafu ya bahari kama vumbi linavyotua katika chumba kilichofungwa, mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne. Ardhi ikaja kuinuka, na ile sakafu ya bahari ndiyo ngazi tunayoitazama.

Nilipomweleza binti yangu hayo alifikiri kidogo, akasema: "Basi ni kama nyumba yetu." Nikampa mkono. Maana nyumba zetu za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, nayo matumbawe ni kazi ya viumbe vya baharini. Hata Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, inakalia mwamba wa namna hiyo hiyo. Kwao vumbi la makombe, kwetu matumbawe. Fundi ni bahari pande zote mbili.

Lakini bahari zenyewe hazilingani tabia. Mke wangu aliweka kikapu karibu na maji, kisha kwa mazoea akauliza: "Maji yatakupwa saa ngapi?" Kijana akacheka sana. Sisi tuliozaliwa Mombasa tumezoea bahari inayotoka na kurudi. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mtu akavua pweza kwa miguu mahali palipokuwa na kina asubuhi. Kule kupwa na kujaa hata futi moja hakutimu. Mke wangu alikaa akiitazama kwa shaka hadi adhuhuri, akahitimisha: "Bahari hii haiendi kwao."

WATURUKI NI KINA NANI?

Sasa nirudi kwenye swali la mtoto. Bibi, yule mavyaa wa kijana wetu, alipotafsiriwa swali hilo alisita kwanza. Kisha akaeleza, na kijana akawa mkalimani.

Zamani, akasema, maharamia walikuja na merikebu zao wakatia nanga hapa, kwa kuwa jabali hukinga upepo. Wakapanda vidato hivi mpaka juu, wakaingia vijijini, wakapora mali na kuchukua watu. Wenyeji waliwaita Waturuki. Hata yeye alipokuwa mtoto, akikataa kulala, nyanyake alimwambia kwamba Waturuki wanakuja.

Hadithi ya kupanda ngazi ile ni mapokezi ya wazee, nami siwezi kuiapia. Lakini hofu yao haikuwa ya bure. Katika karne ya 16 maharamia kutoka Algiers, Tunis na Tripoli walizishambulia sana pwani za Italia, wakawateka watu na kuwauza utumwani. Ndiyo maana pwani ya Sisilia ilijengwa minara ya kulinda bahari, na mmoja mkubwa, wa jina la mfalme Carlo wa Tano, ungali umesimama Porto Empedocle. Wengi wa maharamia hao hawakuwa Waturuki hata kidogo. Walikuwa Waarabu, Waberberi, na Wazungu waliosilimu. Lakini mtu aliyekurupushwa usiku hana nafasi ya kuuliza kabila la anayemkimbiza. Wala haki isifichwe upande wa pili: mabwana wa Kikristo wa kisiwa cha Malta nao walikuwa na merikebu zao, wakiwateka Waislamu na kuwafunga kwenye makasia.

Nilimsikiliza bibi, na huku moyo wangu ukanipeleka nyumbani. Kwani, msomaji, katika karne hiyo hiyo ya 16 Waturuki walifika Mombasa! Mwaka wa 1585 aliingia pwani yetu Amiri Ali Bey na merikebu ya Sultani wa Uturuki, na Mombasa ikampokea kwa furaha kubwa. Kwa nini isimpokee? Mombasa ilikuwa imekwisha chomwa na Wareno mwaka wa 1505, ikachomwa tena katika vita vya 1528 na 1529. Kwetu sisi aliyetisha watoto hakuwa Mturuki. Ali Bey alirudi tena mwishoni mwa mwaka wa 1588, na mwaka uliofuata Wareno wakaja na jeshi kutoka Goa, wakamshinda na kumkamata, na Mombasa ikalipa kwa damu. Baada ya hapo, mwaka wa 1593, ndipo walipoanza kuijenga Fort Jesus, kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati.

Nikayasema hayo kwa fahari kidogo, sikatai. Lakini kijana wetu hakuniacha nikae juu ya farasi. "Ami," akanambia, "usisahau kuwa sisi Malindi tulikuwa rafiki wa Mreno. Kwetu huyo Ali Bey hakuwa mgeni mwema." Nami sikuwa na jibu, maana ndivyo ilivyokuwa. Mombasa na Malindi ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na Mturuki yule yule kwa mmoja alikuwa mkombozi, kwa mwingine adui.

Kisha likanijia wazo jingine, nalo halikunifurahisha. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilipokuwa ikitoka pwani yetu kwenda bara, mama wa huko alipotaka mtoto anyamaze usiku, alimtisha kwa nani? Sidhani alimtaja Mturuki wala Mreno. Yawezekana kabisa alimtaja mtu wa pwani, mwenye kanzu kama yangu na kofia kama yangu. Sisi washairi wa pwani twapenda kusimulia waliotujia kwa mizinga. Wale tuliowaendea kwa minyororo hatuwasimulii sana. Yule bibi wa Kisisilia, bila ya kujua, alikuwa amenionyesha ngazi ambayo wazee wetu wenyewe waliipandia.

ALIYETUANDIKA AKIWA MBALI

Nisije nikamwacha msomaji akidhani kuwa bahari ile ilileta hofu tu. Katika mji wa Palermo, mfalme Roger wa Pili, Mkristo wa kabila la Kinormani, alimweka karibu mwanachuoni Mwislamu aitwaye al-Idrisi, akampa kazi ya kuandika habari za dunia yote ijulikanayo. Kazi ikakamilika mwaka wa 1154. Katika kitabu hicho al-Idrisi, ambaye hakuwahi kuikanyaga pwani yetu, anautaja mji wa Malindi na mji wa Mombasa, na kueleza habari za chuma kilichochimbwa huko. Alizipata kwa wasafiri na mabaharia. Na ramani zake alizichora kusini ikiwa juu na kaskazini chini, kwa hiyo karatasini sisi ndio tuliokuwa juu na Ulaya ikawa chini yetu. Miaka zaidi ya 860 iliyopita, basi, kuna mtu aliyeketi katika kisiwa kile kile akaliandika jina la mji wangu bila ya kuliogopa.

Kadhalika alizaliwa huko Ibn Hamdis, mshairi mkubwa wa Kiarabu, aliyeondoka Sisilia akiwa kijana wakati Wanormani wakiiteka, akafa ugenini mwaka wa 1133 akiwa bado anaililia katika mashairi yake. Msisilia wa kumlilia Sisilia kwa Kiarabu: huyu naye bibi yetu angemwita Mturuki?

KAMBA NA KIBAO

Saa sita zilipokaribia binti yangu alikuwa amechoka na historia. Alitaka jambo moja tu, kupanda. Na mbele yetu palikuwa na uzio wa kamba na kibao kilichokataza watu kupita, na nyuma ya kamba hiyo walikuwako watu wasiopungua ishirini, wengine wamelala juu ya jabali, wengine wanapigana picha.

Jabali lile lina mashaka mengi. Kwa kuwa ni laini, vipande hupomoka. Na kwa kuwa linapendwa, nyayo hulisaga. Kwa miaka mingi palisimama kando yake gofu la hoteli ya zege ambayo haikumalizika, mpaka likabomolewa mwaka wa 2013. Februari 2020 mwendesha mashtaka wa Agrigento aliamuru jabali lishikiliwe kisheria, kwa ajili ya hatari na uharibifu, na huku palikuwa na ubishi kuhusu nani mwenye mali, serikali ya mji au mtu binafsi. Januari 2022 waharibifu walilimwagia unga mwekundu usiku. Watu wa mji, wengi wao vijana, walikuja wenyewe na ndoo na mifagio wakalisafisha.

"Ami," kijana akasema, "wote wanapita. Tupite na sisi dakika tano, mtoto apate picha."

Naungama kuwa nilitamani. Tumetoka Mombasa, tumelipa nauli ya kuumiza, na mtoto ananitazama. Tena nani angetujua? Nikamtazama mke wangu. Yeye alikuwa amekaa mchangani na bibi, wanamenya machungwa, wala hakuinua uso. "Mwenye nyumba akikwambia chumba hiki usiingie," akasema, "huingii, hata kama watoto wake wenyewe wamo ndani wanaruka kitandani. Wao watagombezwa. Wewe utaitwa mwizi."

Bibi akataka kujua amesema nini. Alipotafsiriwa aliweka chungwa chini, akamshika mke wangu mkono, akaushikilia kitambo bila ya kusema neno.

Hatukupita. Binti yangu alinuna kiasi cha robo saa, kisha akaingia majini na nguo zake, akasahau. Alipotoka nikamwona ana kipande cha jabali mkononi, anataka kukipeleka nyumbani akawaonyeshe wenzake. Nikamwuliza: kila ajaye akichukua kipande kimoja, bibi atabaki na nini? Akakirudisha chini ya jabali, akakiweka taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

MAJENEZA YA PORTO EMPEDOCLE

Tulipokuwa tukila, meli moja nyeupe ilionekana mbali. Kijana akatwambia kuwa kutoka Porto Empedocle meli huenda kisiwa cha Lampedusa, mwendo wa usiku kucha. Jina hilo si geni kwa msomaji wa magazeti. Tarehe 3 Oktoba 2013, mashua iliyotoka Libya ikiwa imejaa watu, wengi wao vijana wa Eritrea, iliwaka moto na kuzama karibu na Lampedusa. Waliokufa walikuwa 368. Majeneza yao yaliletwa kwa meli hapa Porto Empedocle, wakazikwa katika makaburi ya miji ya Sisilia, wengine bila ya majina, kwa nambari.

Bibi aliposikia tunazungumza habari hiyo alisema kuwa aliyaona majeneza katika televisheni, na kwamba kulikuwa na madogo. Akaonyesha kwa mikono yake miwili urefu wa dogo aliloliona. Halafu akasema neno ambalo kijana alilitafsiri polepole: kwamba nyanyake alimfundisha kuwaogopa watu wanaokuja kwa bahari, lakini siku ile aliona kuwa wao ndio waliokuwa na hofu.

Sikumjibu. Niliangalia maji ya feruzi yanavyochezea miguu ya binti yangu, nikasoma Fatiha kimoyomoyo.

KASHATA

Baada ya sala, tuliyoiswali mchangani tukielekea kusini-mashariki, sisi ambao kwetu kibla ni kaskazini, bibi alifungua mkebe wake. Ndani mlikuwa na kashata za ufuta zilizokandwa kwa asali. Mke wangu akapiga kelele za furaha, kwa kuwa naye alikuwa amebeba halua ya Mombasa, imefungwa kwa karatasi. Wakabadilishana. Bibi aliuita ule ufuta giuggiulena, na mimi niliyekalishwa chuoni utotoni nikalitambua neno bila ya mkalimani: juljulan, ufuta, kwa Kiarabu. Waturuki wa kwanza, basi, hawakuja na panga tu. Walikuja na mbegu mfukoni.

Usiku ule, usingizi uliponikimbia, nilitunga beti mbili. Naziweka hapa si kwa kujisifu bali kwa kuwa mshairi akikosa la kusema kwa nathari hukimbilia kwenye mizani:

Ngazi i juu ya maji, weupe wake yakini,
Ni jina la wenye mji, la hofu yao zamani,
Si sote ni waporaji, tujao kwa baharini,
Muone usoni kwanza, ndipo umtie jina.

Kwetu walikuwa kheri, kwao mtoto hulia,
Bahari ndiyo bahari, watu ndio hubagua,
Na mwenye kutafakari, hilo atalitambua,
Muone usoni kwanza, ndipo umtie jina.

Sisemi kwamba jina la jabali libadilishwe. Wasisilia waliumia, na jina ni kovu lao. Mgeni hafuti kovu la mwenyeji. Wala simlaumu sana yule ofisa wa uwanja wa ndege, kwani huenda naye alikuwa na nyanya. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo yana pande mbili. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni anayevuka kamba yake, na mgeni hawezi kumponya mwenyeji ambaye hamtazami usoni.

Jioni tulipokuwa tukipanda kurudi kwenye gari, jabali lilikuwa limeacha weupe wake likashika rangi ya maziwa yenye zafarani. Binti yangu aligeuka kulitazama mara ya mwisho.

"Baba, shuleni wakiniuliza niwaambie ni ngazi ya nani?"

Nikamjibu: "Waambie jina lake, kama walivyolitia wenyewe. Kisha waambie ulikula kashata na nani chini yake."